Kompyuta Inapokataa DVD Yako: Mjue Anayekataa Kabla Hujatoa Pesa

Swali ni lilelile, wanaouliza ndio hubadilika. Mwalimu wa Mugumu ana DVD ya wanyamapori aliyoachiwa na mgeni aliyekuja kutembea Serengeti. Anataka kuwaonyesha wanafunzi, kompyuta inakataa. Mama wa Sirari ameletewa DVD na binti yake anayefanya kazi Muscat. Kwenye deki ya jirani inaonyesha, kwenye laptopu ya nyumbani haionyeshi. Kijana wa Nyamongo amenunua kompyuta iliyotumika kutoka Uingereza, na filamu zake zote orijino zinagoma. Wote wanakutana na maandishi ya Kiingereza yenye maneno "copy protection", au "protected", au "region". Wote wanauliza: nimeuziwa feki? Draivu imekufa?

Mara nyingi majibu yote mawili ni hapana. Nimefungua na kufunga kompyuta hapa Tarime mjini kwa miaka ya kutosha kulisema hili bila kusita: wengi wanaokuja na diski mkononi wakilalamikia kinga ya kunakili huondoka bila kununua kifaa chochote. Wanaoniuma ni wale wanaokuja baada ya kulipa. Mzee mmoja alitoka Nyamwaga akiwa ameshabadilishiwa draivu mara mbili, na DVD yake bado inagoma. Tatizo lilikuwa programu. Tuliimaliza kazi kabla chai haijapoa, lakini fedha yake ilikuwa imekwenda.

## Wako wanne, na yeyote anaweza kukataa

Nadharia tuiache. Shika jambo moja: DVD orijino nyingi za filamu zimefungwa kwa kufuli, na ili picha ionekane lazima wanne wakubaliane:

- diski yenyewe;
- draivu, yaani sehemu unayoingizia diski, ambayo wengi wetu tunaiita CD-ROM;
- programu inayoonyesha video;
- skrini pamoja na waya unaoifikia.

Mmoja wao akikataa, ujumbe unaotokea hufanana sana na ule ambao mwenzake angeutoa. Ndiyo maana fundi mwenye haraka hubahatisha, na wewe ndiye unayelipia bahati yake.

## Majaribio matatu kabla ya kwenda kwa fundi

Kwanza upige picha ujumbe huo kwa simu, maneno yote, na namba kama ipo. "Imeandika kitu cha Kiingereza" haimsaidii fundi hata kidogo. Kisha:

1. Ingiza diski nyingine unayoijua ni nzima. Iliyo bora kwa jaribio hili ni ya kuchomwa nyumbani, kama ya harusi au ya mahafali, kwa sababu hiyo haina kufuli. Ikicheza, draivu yako inasoma. Usikubali mtu akuambie imekufa.
2. Peleka diski inayogoma kwenye deki ya televisheni au kompyuta nyingine. Ikicheza huko, diski ni nzima.
3. Chomoa projekta, televisheni au skrini ya pili, kisha jaribu tena kwenye skrini ya laptopu peke yake. Ikicheza sasa, tatizo liko kwenye waya au skrini uliyoiondoa.

Kabla ya jaribio la pili, ifute diski. Tumia kitambaa laini cha pamba, ukitoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe kama unayesugua sahani, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski humvuruga msomaji kuliko ule unaokatiza. Vumbi la changarawe la barabara za Mugumu ni kali. Usilisugue likiwa kavu, lipulize kwanza.

Majaribio yote matatu ni bure. Matokeo yake ndiyo yatakayokuambia usome sehemu ipi kati ya zinazofuata.

## Namba ya eneo: hapa ndipo tunapokwama zaidi

Tarime na Serengeti tuna shida hii kuliko wilaya nyingi, kwa sababu diski zetu zinatoka kila pembe ya dunia. Watalii wanaziacha, ndugu walio Ghuba wanazituma, wafadhili wa shule wanazileta kwa boksi. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika maeneo sita ya kuuzia DVD, kila moja na namba yake:

- 1 – Marekani na Kanada;
- 2 – Ulaya, Japani, nchi za Mashariki ya Kati ikiwemo Oman, pamoja na Misri na Afrika Kusini;
- 3 – Asia ya Kusini Mashariki;
- 4 – Australia, New Zealand na nchi za Amerika ya Kusini;
- 5 – sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na India na Urusi;
- 6 – China.

Sisi ni 5. Kenya ni 5, Uganda ni 5, Kongo ni 5. Kwa hiyo ukinunua DVD orijino Isebania ukavuka nayo Sirari, mpaka ule hauhusiki na tatizo lako. Lakini DVD ya mgeni wa Marekani aliyelala Robanda ni 1. Ya Mjerumani ni 2. Ya binti aliye Muscat ni 2. Na ile ambayo shemeji ameileta kutoka Johannesburg, ambayo kila mtu nyumbani anaamini ni ya Afrika kama sisi, nayo ni 2.

Geuza kasha uangalie nyuma. Tafuta alama ndogo ya dunia yenye namba ndani yake. Ukikuta 0 au neno "ALL", diski hiyo haina eneo, na filamu nyingi za Kihindi ziko hivyo. Usihangaike nayo kwa sababu hii. Ruka sehemu mbili zinazofuata.

### Jinsi ya kuiona namba ya draivu yako

Draivu za kompyuta zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zina namba yao pia, imehifadhiwa ndani ya draivu. Kompyuta iliyotumika ikitoka Uingereza au Dubai, uwezekano mkubwa mwenyewe wa kwanza aliiacha kwenye 2. Hapo ndipo yule kijana wa Nyamongo alipokwama: diski zake 5, draivu yake 2.

Kwenye Windows fanya hivi:

1. Fungua "This PC" uone alama ya draivu ya DVD.
2. Ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", kisha "Hardware".
3. Chagua jina la draivu ya DVD kwenye orodha, bofya tena "Properties".
4. Fungua sehemu iliyoandikwa "DVD Region".

Utaona namba ya sasa na idadi ya mabadiliko yaliyobaki. Soma. Usibofye nchi yoyote bado.

### Onyo, na naomba ulisome mara mbili

Draivu inakuruhusu kubadilisha eneo mara tano tu. Ya tano ikishapita, inafungwa pale ilipo maisha yake yote. Kupiga Windows upya hakusaidii, kwa kuwa hesabu hiyo haikai kwenye Windows. Kuihamishia draivu kwenye kompyuta nyingine hakusaidii, kwa sababu hiyohiyo.

Shule moja ilipewa kompyuta na boksi la DVD mchanganyiko. Vijana wakagundua hiyo sehemu ya kubadilisha, wakawa kila filamu wanaihamisha draivu: leo 1, kesho 2, keshokutwa 5. Haikufika mwisho wa wiki. Draivu ikafungwa kwenye 1, na diski zote za hapa nyumbani zikabaki za kutazamwa kasha tu. Hakuna aliyewaonya, na kompyuta yenyewe huonya kwa Kiingereza, katika kidirisha ambacho kila mtu hubofya "OK" ili kiondoke.

Uamuzi uwe hivi:

- Kama diski zako nyingi orijino ni za Afrika Mashariki au India, weka 5, mara moja, uache hapo.
- Kama nyingi ni za Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini, na draivu iko 2 tayari, usiiguse.
- Kama ni diski moja tu inayotofautiana, usibadilishe eneo kwa ajili yake. Jaribu VLC, ninayoieleza hapa chini, au itazame kwenye deki. Deki nyingi zinazouzwa madukani kwetu zinapokea maeneo yote.
- Kama ni shule au kituo chenye diski nyingi za pande mbili, nunua draivu ya nje ya kuchomeka kwa USB. Ya ndani iwe 5, ya nje iwe 2, na bandika karatasi juu ya kila moja yenye namba yake.

Draivu ya nje inakula umeme kutoka kwenye kompyuta. Ikichomekwa kwenye tundu dhaifu la laptopu ya zamani, au kupitia kigawanyio cha USB, huzunguka, hukata, na hutoa ujumbe wa makosa unaoweza kuudhania ni kinga. Ichomeke moja kwa moja, na kama waya wake una vichwa viwili, chomeka vyote viwili.

## Huenda Windows yako haina cha kuonyeshea DVD

Hili ndilo lililomkuta mzee wa Nyamwaga. Windows 7 katika matoleo yake makubwa ilikuwa na uwezo wa kuonyesha DVD; matoleo ya Starter na Home Basic hayakuwa nao. Ilipotoka Windows 8 mwaka 2012, Microsoft waliuondoa uwezo huo, na Windows 10 na 11 zinakuja bila huo pia. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akitazama DVD vizuri, akapigiwa Windows mpya, kesho yake DVD zote zinagoma. Anaapa fundi ameiharibu draivu. Fundi hakuharibu kitu. Alipaswa tu kumwambia na kumwekea programu nyingine.

Programu ninayoipendekeza ni VLC, ile yenye alama ya koni ya rangi ya chungwa kama zinazowekwa barabarani. Ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja Paris, Ufaransa, sasa inasimamiwa na VideoLAN, na ni ya bure kabisa.

1. Ipakue kwenye tovuti yenyewe, videolan.org. Haifiki MB 100, bando dogo linatosha.
2. Isakinishe, ingiza diski, ufungue VLC.
3. Bofya "Media", kisha "Open Disc", chagua "DVD" na herufi ya draivu yako.
4. Ikikwama kwenye menyu ya mwanzo, rudi hapo uweke tiki kwenye "No disc menus", ujaribu tena. Diski nyingine zimetiwa makosa ya makusudi mwanzoni ili kuwazuia wanaonakili, na njia hii mara nyingi huyapita.

Usitafute VLC kwa kuandika "VLC free download" na kubofya jibu la kwanza. Kuna tovuti zinazoifunga pamoja na matangazo na programu za wizi. Vilevile ukiona kidirisha kinakwambia upakue "codec" maalumu ili DVD ionekane, kifunge. VLC inabeba kila inachohitaji ndani yake. Kompyuta nyingi zenye virusi ninazoletewa zilianza kuugua kwa mwenyewe kutafuta dawa ya tatizo dogo kama hili.

Je, VLC inapita kila eneo? Hapana. Draivu nyingi huikubali hata eneo likitofautiana, lakini zipo, hasa za laptopu zenye jina MATSHITA, zinazokataa katakata mpaka eneo liwiane. Na draivu mpya ambayo haijawahi kupewa eneo lolote inaweza kugoma mpaka upange moja. Hapo panga 5, kama nilivyosema.

Kwa shule zenye kompyuta za Ubuntu: VLC peke yake haitoshi, sakinisha pia kifurushi kiitwacho libdvd-pkg, na kwa hiyo unahitaji intaneti mara moja.

## Inacheza kwenye laptopu, kwenye projekta inakataa

Wanaoniuliza hili ni watu wa makanisa na shule. Ujumbe wake hutaja tatizo la kinga kati ya draivu, programu na kadi ya picha. Maana yake ni kwamba programu imeona skrini ya pili ambayo haiamini kuwa salama, ikahofia kuwa kuna mtu anarekodi.

Fuata mpangilio huu, na ukifanikiwa popote, simama hapo:

- Zima na uchomoe projekta, anzisha filamu kwenye laptopu, kisha uichomeke tena.
- Tumia VLC badala ya programu iliyokuja na kompyuta.
- Funga programu zote za kurekodi skrini na za kumruhusu mtu wa mbali aingie kwenye kompyuta yako. Baadhi ya programu za kuonyesha filamu hugoma zikiziona.
- Sasisha programu endeshi ya kadi ya picha kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, au kupitia Windows Update. Zile programu zinazojitangaza kusasisha kila kitu kwa kubofya mara moja ziache.
- Punguza ukubwa wa picha ya skrini kwenye mipangilio, kisha jaribu.

Blu-ray ni habari nyingine. Kwanza haisomeki kwenye draivu ya DVD hata uifanyeje. Watu huiingiza, kompyuta inanyamaza, wanadhani ni kinga. Pili, inahitaji kila kifaa njiani, kuanzia kadi ya picha, waya wa HDMI hadi projekta, kiitikie kinga yake. Ukiweka kigeuzi cha kupeleka picha kwenye projekta ya zamani ya VGA, itakataa. Nayo ina maeneo yake: A, B na C, na sisi tuko B pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Ushauri wangu kwa shule ni mfupi: mfadhili akiuliza alete nini, mwambieni DVD.

## "Nimeinakili kwenye flashi, inatoa mabaka ya kijani"

Kosa hili ni la kila siku. Mtu anafungua diski orijino, anaona folda ya VIDEO_TS, anaiburuta mpaka kwenye flashi au anaichoma kwenye DVD tupu. Kompyuta pengine inakubali, faili zote zinakwenda. Anapocheza anakutana na mabaka ya kijani na waridi, sauti ya kukwaruza, au ujumbe uleule wa kinga.

Sababu ni hii: funguo za kufuli hazimo ndani ya faili hizo. Ziko katika sehemu ya diski ambayo huwezi kuiburuta, na diski tupu za kuchomea haziruhusu kuandikwa pale. Umehamisha nyumba ukaacha funguo. Kopi ya namna hiyo haitengenezeki, hata ikipelekwa kwa fundi wa Mwanza. Rudi kwenye orijino.

Jambo hilohilo linawakuta wanaonunua kopi barabarani. Kama aliyechoma alinakili hivi, diski haitacheza popote, na muuzaji hutampata kesho. Ukinunua kazi ya Kitanzania, tazama kasha kama lina stempu ya kodi ya TRA, ambayo ilianza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013.

## CD ya harusi ikikataa, hiyo si kinga

Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu watu wanapoteza kumbukumbu za familia kwa kuhukumu vibaya. Diski iliyochomwa na mpiga video wa harusi, wa tohara ya vijana, wa mazishi, haina kinga ya kunakili. VCD za zamani nazo hazina namba ya eneo. Zikigoma, tafuta sababu hizi:

- Haikufungwa baada ya kurekodiwa. Mpiga video alirekodi lakini hakukamilisha hatua ya mwisho ya kuifunga diski. Itacheza kwenye mashine yake tu. Irudishe kwake aifunge. Ni kazi ya dakika chache, na akikudai malipo mapya kataa kwa upole.
- Imezeeka. Diski za kuchoma zina rangi ndani yake, na jua huiua. Diski iliyokaa dirishani au juu ya kabati chini ya bati la moto haidumu.
- Imebandikwa karatasi. Lebo ya gundi huifanya iyumbe inapozunguka. Usiibandue kwa nguvu, utang'oa tabaka la juu lenye picha zako. Jaribu kwenye draivu nyingine kwanza.
- Imeandikwa kwa kalamu ya wino. Ncha ngumu huumiza upande wa juu, ambao ndio dhaifu kuliko ule wa chini unaong'aa. Andika kwa maka peni laini, karibu na tundu la katikati.
- Ni VCD na programu haiitambui. Fungua diski, ingia folda ya MPEGAV, na buruta faili yenye mwisho wa DAT uiweke juu ya VLC. Itacheza.

Ukipata ujumbe wenye maneno "cyclic redundancy check", kompyuta inakwambia imeshindwa kusoma mahali fulani. Futa diski, jaribu draivu nyingine, hata ya kompyuta kuukuu iliyosahauliwa stoo. Nimeona draivu za zamani zikisoma diski ambazo mpya zilishindwa. Usiendelee kuilazimisha saa nzima. Kila jaribio liwe fupi.

## CD za muziki na za michezo

Hapa nitapita haraka. Baadhi ya CD za muziki za Ulaya na Marekani za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitiwa kinga inayojaribu kujisakinisha kwenye kompyuta. Mwaka 2005 Sony BMG walikumbwa na kashfa kubwa kwa CD zilizoingiza programu ya siri ndani ya kompyuta za wateja, wakazirudisha. Ukiachiwa CD kuukuu ya muziki na ikataka kusakinisha kitu, kataa. Shikilia kitufe cha Shift unapoiingiza ili isijianzishe yenyewe.

Michezo na programu za kufundishia za kipindi hicho zina tatizo jingine. Nyingi zilitumia kinga iitwayo SafeDisc. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikuikubali, kwa sababu ilikuwa na tundu la kiusalama, na mwaka huohuo Microsoft waliizima hata kwenye Vista, 7 na 8. Diski yako ni nzima, draivu ni nzima, lakini haitafunguka. Kama programu hiyo ni muhimu kwa darasa, tenga kompyuta moja ya Windows XP, usiiunganishe na intaneti kabisa, itumie kwa kazi hiyo pekee. Usipakue faili za kuvunjia kinga kutoka mitandaoni. Humo ndimo virusi vinamopandwa kwa makusudi.

## Mnaloniuliza kwa sauti ya chini

"Kuitazama DVD yangu kwa VLC ni kosa?" Umenunua diski au umepewa, unaitazama nyumbani kwako. Siku zote nimewashauri watu hivyo na nitaendelea. Kinachokatazwa waziwazi na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ni kuzalisha na kuuza kopi za kazi ya mtu bila ruhusa yake. Mwenye kibanda cha kuonyesha video kwa kiingilio ajue pia kwamba kuonyesha hadharani si sawa na kutazama sebuleni. Aulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla.

"Fundi anasema atafungua draivu kwa programu maalumu isiwe na eneo." Inawezekana kwa baadhi ya draivu, kwa kuandika upya programu iliyo ndani yake. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, draivu imekufa, na umeme wetu mnaujua. Kwa gharama hiyo afadhali ununue draivu ya nje.

"Nimejaribu yote, bado." Basi huenda lenzi ya draivu imechafuka au imechoka. Dalili yake ni kwamba hata diski za kuchomwa zinasoma kwa kusitasita. Hapo, na hapo tu, kubadilisha draivu ni haki. Nenda na diski yako, na ijaribiwe kwenye draivu mpya mbele yako kabla hujalipa.

## Ombi langu kwako wiki hii

Filamu orijino ikiharibika utaipata tena kwingine. Ile DVD ya babu akipiga litungu kwenye harusi ya shangazi haina nakala popote duniani. Haina kufuli pia, kwa hiyo kuinakili ni rahisi. Laptopu mpya zinakuja bila draivu, na mafundi wenye draivu inayosoma vizuri wanapungua Tarime na Mugumu pia. Kusanya diski za familia zote, za kwenu na za wakwe. Fungua kila moja, nakili folda nzima kwenye diski ya nje, kisha cheza nakala hiyo mwanzoni, katikati na mwishoni kuhakikisha imekwenda. Weka nakala ya pili kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Anza na diski iliyo kuukuu kuliko zote.